Kweli Iliyo Haramu Kuisema

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu mmoja wa Tononoka ametuletea suali, na kwa kuwa twaona halimhusu yeye peke yake, tumependelea kulijibu hapa kuliko kumjibu faraghani. Asema kwamba jirani yake aliposewa binti, na mzee huyo akamjia baada ya sala ya Alasiri kumuuliza: "Wewe wakaa mlango kwa mlango na kijana huyu, wamjuaje?" Ndugu yetu alikuwa akimjua. Alijua kwamba kijana yule ameacha mke na watoto wawili, na kwamba kwa ajili ya chakula cha watoto hao alishtakiwa mbele ya Mahakama ya Watoto iliyo papo hapo Tononoka, akaamrishwa kutoa, wala hatoi. Lakini alipoulizwa aliogopa kusengenya, akajibu: "Mimi sijui ila kheri." Nikaha ikafungwa. Haukutimia mwaka binti yule akarudi kwa babake, naye ana mimba. Sasa ndugu yetu auliza: lau ningalisema, ningalikuwa nimekula nyama ya ndugu yangu? Na kwa kuwa sikusema, nina dhambi?

Kabla hatujajibu twataka msomaji aliangalie jambo moja ambalo muulizaji amelitia katika barua yake kwa mstari mmoja tu, kana kwamba ni dogo. Asema kuwa khabari za kijana yule zilikuwa zikisemwa barazani kila usiku, mbele ya kahawa, na wazee kwa vijana, hata watoto wa chuoni walikuwa wakizijua. Basi mtaa mzima ulizipata, ila mtu mmoja: yule mzee aliyekuwa na haki ya kuzipata. Wasiokuwa na haja nazo wakaambiwa yote, na mwenye haja akaambiwa "kheri". Hili ndilo lililotufanya tushike kalamu, kwani twaona ndio ugonjwa wenyewe wa mji wetu. Tumeugeuza ulimi. Panapotakikana kunyamaza twasema, na panapotakikana kusema twanyamaza, kisha kule kunyamaza kwetu twakuita ucha Mungu.

Asili ya kosa hili ni kudhani kwamba kusengenya ni kumzulia mtu. Umkatazapo mwenzio hukujibu upesi: "Mimi sizui, nasema kweli, na hata akiwapo nitamwambia mbele yake." (Basi na amwambie mbele yake! Hiyo ndiyo nasaha, na akishamwambia yeye hana haja ya kumwambia mwengine.) Masahaba nao walimuuliza Mtume (S.A.W.) jambo lilo hilo. Katika hadithi aliyoipokea Muslim kwa Abu Hureira (R.A.), Mtume alieleza kwamba kusengenya ni kumtaja ndugu yako kwa jambo analolichukia. Akaulizwa itakuwaje ikiwa jambo lenyewe ndugu huyo analo kweli. Akajibu kwamba likiwa analo ndipo umemsengenya, na kama hanalo umemzulia, na huko kuzua ni dhambi nyengine. Maana ya hadithi hii ni kuwa ukweli si udhuru wa msengenyaji. Kama si kweli, basi hata jina la kusengenya halipo, pana buhtani, nayo ni nzito zaidi.

Hapa sharia ya Mwenyezi Mungu na sharia ya mahakama za dunia zaachana njia, na wengi hawatambui. Katika madai ya kuvunjiwa heshima, anayeshtakiwa akithibitisha kwamba aliyoyasema ni kweli, huokoka. Na hata ile adhabu ya jela iliyokuwa katika kifungu cha 194 cha sharia ya jinai ya Kenya, Mahakama Kuu iliiondoa mwezi wa Februari 2017 kwa kuiona kuwa yapingana na Katiba. Hatuna neno juu ya hukumu hiyo. Serikali zimewahi mara nyingi kuitumia adhabu kama ile kuwafunga midomo watu wanaozisema dhulma zao. Lakini mtu asichukue cheti cha kuokoka mahakamani akadhani atakwenda nacho mbele ya Mola wake.

Na anayetaka dalili iliyo wazi zaidi na akiangalie kisa cha Maiz, alichokipokea Abu Dawud. Mtu huyu alikwenda mwenyewe kwa Mtume akakiri zina, akapigwa mawe hata akafa. Hapana mtu Madina asiyejua. Kosa lilithibiti kwa ulimi wake mwenyewe, na adhabu imekwisha pita, na mwenyewe hayuko tena duniani wa kusikia. Baadaye watu wawili wakawa wakizungumza njiani, wakistaajabu kwamba Mungu alimsitiri mtu huyu naye asikubali sitara, mpaka akapigwa mawe kama mbwa. Mtume aliwasikia akanyamaza. Walipofika penye mzoga wa punda aliwaita wale wawili, akawaambia washuke wale. Wakauliza ni nani awezaye kula kitu kile. Akawajulisha kwamba kule kumvunjia ndugu yao heshima punde hivi ni kubaya zaidi kuliko kuula mzoga ule. Ikiwa Maiz, ambaye hakusaliwa na siri yoyote, haikuwa halali kumtaja hivyo, ni mtu gani wa Tononoka, wa Majengo au wa Mji wa Kale ambaye twaweza kusema kuwa heshima yake imekuwa njia ya kupitia kila mtu?

Wala kusengenya si kwa ulimi tu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, yaani 1111, ameweka katika Ihyau Ulumid-Din kitabu kizima juu ya maafa ya ulimi, akayahesabu ishirini, na humo ameonya kuwa mtu husengenywa kwa jicho, na kwa mkono, na kwa kuigwa mwendo wake, na kwa kalamu. Sisi watu wa pwani tumezidisha milango. Yuko mwanamke atakayeshuka Biashara Street kununua leso, na huku si rangi yake iliyompendeza; ataka jina lake lisomwe na jirani au na mke mwenziwe. Na kabla ya zama zetu bibi zetu walikuwa na lelemama, na vyama vyake kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilivyoshindana katika mji huu, na aliyeteleza katika jambo la aibu akitungiwa wimbo. Wako wasemao nyimbo zile zilikuwa zikiwazuia watu na maovu. Huenda zikawazuia wengine. Lakini aliyeimbwa alibaki kuimbwa hata baada ya kutubia, kwani wimbo hauna iddi ya kwisha, na watoto wake wakaurithi.

Ghazali amegusa pia ugonjwa ambao wenye vilemba na tasbihi wanao zaidi kuliko wengine: kusengenya kwa lugha ya dini. Atatajwa mtu, naye mcha Mungu atavuta pumzi aseme: "Masikini, Mungu amsitiri, na sisi atuepushe." Hakutaja kosa, lakini hapana katika wasikilizaji asiyekwenda kulitafuta. Amemsengenya mwenziwe na kujisifu nafsi yake kwa dua moja. Na sisi huku tuna maneno yetu ya kufungulia mlango: "Si kwamba namsema…", "Mungu anisamehe, lakini…" Anayeomba msamaha kabla ya kutenda, huyo amejua alitendalo.

Sasa twarejea kwenye hadithi, kwani tuna neno la kulitoa humo. Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kuwa Bibi Aisha (R.A.) alimtaja Bibi Safiyya, mke mwenziwe, kwa ufupi wa kimo. Ufupi si dhambi, wala haukuwa siri. Kila mwenye macho alikuwa akiuona. Juu ya hivyo Mtume alimjulisha kuwa amesema neno ambalo lau lingechanganywa na maji ya bahari, lingeyageuza. Sisi tukaao kisiwani, Kilindini upande huu na bandari ya kale upande wa pili, na tujipimie ni maji kiasi gani hayo.

Na Bibi Safiyya huyu alikuwa ni nani? Alikuwa binti wa Huyay bin Akhtab, mkubwa wa Banu Nadhir katika Mayahudi wa Madina. Siku nyengine, katika hadithi ya Tirmidhi, aliambiwa kwa kudharauliwa kuwa ni binti Yahudi, naye akalia. Mtume alimtuliza kwa kumkumbusha kwamba yeye ni mtoto wa Nabii, na ami yake ni Nabii, na yuko katika nikaha ya Nabii, maana ukoo wake wafika kwa Harun, nduguye Musa (A.S.).

Tumelitaja hili makusudi, kwani Qur'ani katika Sura ya Bakara, aya ya 83, yatuhadithia ahadi waliyoichukua Wana wa Israili: wasimuabudu ila Mungu, wawafanyie wema wazazi na jamaa na mayatima na masikini, waseme na watu kwa wema, wasimamishe Sala, watoe Zaka. Tazama mpango wake: kusema na watu kwa wema kumetangulia kutajwa kabla ya Sala na Zaka. Basi haishangazi kwamba wanazuoni wao walilishughulikia sana jambo hili, na twaona yafaa Waislamu wajue walifika wapi. Atakayekasirika na kutwambia, "Mwatutajia Mayahudi, na hali ya Palestina mwaiona?" twamjibu kuwa dhulma ya Palestina twaijua na twaichukia, lakini Mwenyezi Mungu katika Sura ya Maida, aya ya 8, ametukataza kuchukia watu kusitutoe katika uadilifu, na katika Sura ya Al Imran, aya ya 113, ametujulisha kuwa Watu wa Kitabu si wote sawasawa.

Mayahudi hukuita kusengenya lashon hara, ulimi mbaya, na kila aliyesoma Kiarabu atasikia humo neno lisani. Torati, katika Kitabu cha Walawi, mlango wa 19, yakataza mtu kuzunguka na maneno ya watu. Musa bin Maimun, tabibu mkubwa aliyekaa Misri zama za Sultani Salahuddin akafariki mwaka 1204, ameyagawanya makosa haya mafungu matatu. Liko la mwenye kuchukua maneno huku akayapeleka kule, nalo kwetu ni namima. Liko la mwenye kumtolea mwenziwe aibu iliyo ya kweli, nalo ndilo lashon hara. Na liko la mwenye kumzulia jina baya. Ewe msomaji, rudi juu ukaisome tena hadithi ya Abu Hureira uone kama pana tofauti. Na katika Talmudi yao imo kwamba ulimi huu huwaua watu watatu: anenaye, asikilizaye, na anenwaye.

Wana pia kisa cha Maryam, dadake Musa na Harun, kwamba alimsema Musa kwa ajili ya mkewe akapigwa ukoma siku saba, na kambi nzima ikangoja wala isisafiri mpaka arudishwe. Kisa hicho kimo katika vitabu vyao, na mwendo wa maulamaa wetu katika khabari kama hizi wajulikana: hatuzisadikishi wala hatuzikadhibishi. Tunachokitaka ni kuona jinsi wao wanavyokitumia: wako katika wao wanaokikumbuka kila siku baada ya sala, ili wakitoka wauchunge ulimi.

Lakini lililotushughulisha zaidi ni kazi ya mtu mmoja wa karibu na zama zetu, Israel Meir Kagan wa mji wa Radin, ambao leo uko katika nchi ya Belarus. Mwaka 1873 alipiga chapa mjini Vilna kitabu kinachoitwa Chafetz Chaim, bila ya kutia jina lake mwenyewe. Kitabu kile kikashinda jina la mwenyewe, hata mpaka alipofariki mwaka 1933, naye ni mzee wa miaka zaidi ya tisini, watu walikuwa wakimwita kwa jina la kitabu. Alikuwa na duka dogo kwao. Kwa hivyo alijua maneno yanavyosemwa dukani. Na ajabu ya kitabu chake ni kwamba hakukiandika kwa njia ya mawaidha ya kuliza watu. Amekiandika kwa njia ya fikihi, mlango kwa mlango, kama vile sisi tunavyosomesha udhu na najisi: ni lipi lililokatazwa, kwa nani, kwa sharti gani, na ni lini huwa wajibu. Sisi mtoto wetu hutoka chuoni ameihifadhi Safinatun-Najaa, ajua maji ya kutawadhia na yasiyofaa. Katika Sullamut-Tawfiq mlango wa maasi ya ulimi umo, lakini mara nyingi hupitwa mbio, kana kwamba kila mtu amezaliwa akiujua.

Mwanachuoni huyo alipofika kwenye suali kama hili la ndugu yetu, hakusema "nyamaza" wala hakusema "sema". Aliweka masharti saba. Msemaji awe ameliona jambo mwenyewe, si kwa kusikia. Awe amelipima, asiwe mwepesi wa kuliita kosa lisilokuwa kosa. Awe amemnasihi kwanza mwenye kosa, ikiwa yatarajiwa atasikia. Asizidishe hata chembe. Nia yake iwe ni faida ya anayeambiwa, si chuki. Isiwepo njia nyengine ya kuipata faida hiyo. Na madhara yatakayompata anayesemwa yasizidi yale ambayo hakimu angalimhukumia. Twauliza: katika maneno yanayosemwa barazani usiku mmoja, ni mangapi yatapita katika chujio hili?

Maulamaa wetu nao walikwisha lipambanua jambo hili karne nyingi kabla ya hapo. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ametaja katika Riyadhus-Salihin mahali sita ambapo kumtaja mtu kwa aibu yake kwaruhusiwa, kama mdhulumiwa anayeshtaki, au mwanamke anayeuliza fatwa kama alivyomshtakia Hindu binti Utba ubakhili wa mumewe Abu Sufyan. Hatutayaeleza yote. Linalotuhusu ni lile la kuwaonya Waislamu na kuwapa nasaha, na katika mifano inayotolewa ni ndoa. Dalili yake ni Fatma binti Qays, katika hadithi ya Muslim. Alipotoka eda aliposwa na Muawiya na Abu Jahm, akaenda kwa Mtume kutaka shauri. Mtume hakumjibu "sijui ila kheri". Alimwambia kuwa Muawiya ni fukara hana mali, na Abu Jahm hateremshi fimbo yake begani, akamshauri aolewe na Usama. Na watu hao wawili walikuwa Masahaba! Lakini angalia alivyosema: alimwambia aliyeuliza, tena mwenye haki, na kwa kila mmoja akataja jambo moja tu, lile linaloingia katika ndoa. Hakuongeza la pili.

Basi jawabu letu ni hili. Ndugu yetu lau angalisema asingalikuwa amesengenya. Na kwa kujibu "sijui ila kheri", hali akijua, amekusanya mawili: amesema lisilokuwa kweli, na amezuia nasaha aliyoombwa, ilhali Mtume ameihesabu nasaha, inapoombwa, katika haki za Muislamu juu ya nduguye. Aliogopa dhambi isiyokuwapo akaingia katika iliyopo. Ana la kutubia, na ana haki ya watu shingoni, nayo ni ya yule mzee na bintiye. Na awaendee awatake radhi. Na ikiwa mambo yao yatafika kwa Kadhi, akaitwa kushuhudia alijualo, asijifiche mara ya pili.

Angalisemaje? Maulamaa wametaja kuwa neno dogo likitosha, kubwa haliruhusiwi. Ilimtosha kusema: "Bwana, mimi sioni kwamba kijana huyu amfaa binti yako." Mzee mwenye akili hufahamu hapo. Asipotosheka, angesema: "Kaulize juu ya matumizi ya watoto wake." Basi. Asingekuwa na ruhusa kueleza waligombana vipi na mke wa kwanza, wala mkewe alisema nini siku ile aliyotoka, wala mamake kijana ni mtu wa namna gani. Zaidi ya haja ni kusengenya hata katika nasaha. Na kama alikuwa hakuiona khabari yenyewe ila kaisikia barazani, angesema kuwa ameisikia tu, wala hakuithibitisha.

Tumeitaja Mahakama ya Watoto. Hapo pana funzo jengine. Kesi za watoto husikizwa faraghani, si mbele ya umma, na jina la mtoto halitangazwi. Ndivyo ilivyokuwa katika sharia ya mwaka 2001 na ndivyo ilivyo katika ile ya mwaka 2022 iliyochukua mahali pake. Serikali, ambayo twailaumu kwa mengi, imeufunga mlango ili mtoto asiumizwe kwa kosa la babake. Nasi twaungoja mlango huo ufunguke. Mama atatoka pale na karatasi mkononi, na kabla hajafika kwake khabari imemtangulia: aliyaomba mangapi, hakimu alisema nini, mume alimjibu vipi. Siku ya pili mtoto aenda chuoni, na wenziwe wamwuliza kama ni kweli babake hataki kumpa chakula. Ni kweli. Ndiyo maana huumia. Ingekuwa uwongo angekuwa na la kujibu.

Na msikilizaji asidhani ameokoka. Katika safari ya Tabuk, Mtume alipokaa na watu akauliza habari za Kaab bin Malik, mtu mmoja alijibu kwamba Kaab amezuiliwa na nguo zake nzuri na kujitazama kwake. Na Kaab kweli alikuwa amekosa. Alibaki nyuma bila udhuru. Lakini Muadh bin Jabal alimrudi yule msemaji papo hapo, akashuhudia kwamba wao hawamjui Kaab ila kwa kheri, na Mtume akanyamaza. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Hicho ndicho kikao tunachokitaka: lau Muadh asingalisema, neno lile lingalikubaliwa kwa kunyamaziwa. Baraza huharibika kwa wanaonyamaza zaidi kuliko kwa anayesema, kwani msemaji ni mmoja, naye hutazama nyuso.

Leo baraza imeingia ndani ya simu. Kundi la WhatsApp la mtaa huanzishwa kwa khabari za mazishi na maji yaliyokatika, na baada ya mwezi limekuwa mahali pa kutolea watu siri, picha na sauti zao pamoja. Anayepeleka mbele ujumbe husema: "Si mimi niliyesema, nimeletewa tu." Na huyo ndiye tuliyekuwa tukimwita mchukuzi wa maneno tangu zamani. Hata wenye chombo hicho, wasiokuwa na haja na dini yetu, waliogopa: mwaka 2018 watu waliuawa India kwa uvumi wa wezi wa watoto uliokuwa ukipelekwa simu kwa simu, ndipo mwezi wa Januari 2019 wakaweka mpaka duniani kote, mtu asiweze kupeleka ujumbe mmoja kwa zaidi ya mahali patano kwa mara moja.

Wala hatuna haja ya kwenda India. Mombasa hii, kati ya miaka ya 2012 na 2014, ilikuwa mji wa majina. Huyu aliitwa jasusi, yule akaitwa gaidi, na yule mnafiki, na majina hayo yakitolewa misikitini na njiani kwa wepesi kama wa kuagiza kahawa. Katika miaka hiyo masheikh wa pande mbali mbali waliuawa kwa risasi, akiwamo Sheikh Muhammad Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya, aliyeuawa Likoni tarehe 10 Juni 2014. Hatusemi kwamba masengenyo ndiyo yaliyofyatua risasi, wala hatumtuhumu mtu tusiyemjua. Kufanya hivyo kungekuwa ni kulitenda tunalolikataza. Twasema tu kwamba ilikuwa khatari kubwa kumtia mtu jina, na watu hawakuacha. Hudhaifa (R.A.) aliketi siku moja akaonyeshwa mtu anayepeleka maneno kwa watawala. Akawatajia waliokuwapo hadithi ya Mtume kuwa mchukuzi wa maneno hataingia Peponi, naye akaisema kwa sauti ya kumsikizisha mwenyewe.

Limebaki jambo la toba, kwani wengi watuuliza: je, nimwendee niliyemsengenya nimwambie? Katika hili pana khitilafu. Mtume ameamrisha aliyemdhulumu nduguye katika heshima yake amtake halali leo, kabla ya siku isiyokuwa na dinari wala dirhamu, na kwa ajili ya hadithi hii wengi wameshurutisha kumwendea. Wengine, na katika wao ni Ibn Taymiya, wameona kwamba ikiwa mwenyewe hajasikia, kumwambia ni kumtia jeraha jipya. Amuombee dua, na amtaje kwa wema pale pale alipomtaja kwa ubaya. Mayahudi nao wasimulia kuwa wanachuoni wao wawili, Kagan tuliyemtaja na Israel Salanter, walikhitalifiana katika jambo lilo hilo. Sisi twaelekea kauli ya pili kwa asiyesikia, na ya kwanza kwa aliyekwisha sikia. Na mali ikiwa imepotea kwa neno lako, au posa imevunjika, hapo hapana njia ila kumwendea.

Ama aliyelipeleka neno katika kundi la watu mia mbili, aanze kwa kulifuta kama lafutika. Kisha aandike humo humo, kwa jina lake, kwamba alilolipeleka halikuwa haki yake kulipeleka, na wenye kulihifadhi walifute. Asilirudie neno lenyewe katika kuomba radhi, kwani aliyekuwa amelisahau atalikumbuka, na aliyekuwa hakulisoma atalitafuta. Na waliokwisha kulipeleka mbele kutoka kwake, awapigie simu mmoja mmoja, hata ikimpita sala ya Isha bado yuko juu ya simu. Isha ina wakati mrefu. Wallahu aalam.